Simamisha Nyatiti, Nina Neno

Sarafu ilipotua kwenye sahani ya bati, nyatiti ilikatika katikati ya wimbo. Hakuna aliyeshtuka. Katika nchi ya Waluo, kutoka Karachuonyo mpaka Nyatike, muziki husimamishwa na mwenye neno, na mwenye neno hulipa kwanza ndipo aseme. Tulikuwa Kadem, kaunti ya Migori, harusini, jua limeshaelemea upande wa ziwa. Jathum, yaani mpiga muziki, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kifupi, nyatiti imelazwa ubavu mbele yake, njuga zimefungwa mguuni na pete ya chuma imevishwa kidole gumba cha mguu. Pete ile ndiyo ngoma yake: huigonga kwenye mwili wa chombo huku vidole vya mikono vikizichezea nyuzi nane. Nyuzi zilinyamaza, pete haikunyamaza. Ilibaki ikigonga polepole, ko, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi na kungoja.

Aliyelipa alikuwa pande la mtu, mvuvi, shingo kama gogo la mvule.

"Mimi," akasema, "ni mwana wa binti Kanyamwa. Mimi ni mvua inayonyesha ziwani bila kuwauliza samaki kama wana kiu!"

Vigelegele. Nyuzi zikarudi, lakini hazikufika mbali. Mzee mmoja mfupi, koti lake limechakaa viwiko, aliinuka akaweka noti juu ya ile sarafu. Kimya tena. Hakumtazama yule mvuvi. Aliongea kwa sauti ndogo mpaka ikabidi sote tusogeze vichwa.

"Mvua ya ziwani haijaotesha hata bua moja la mtama. Mimi ni umande wa Kadem. Ngurumo sina. Lakini ng'ombe wa huyu bwana huanza siku yao kwa kunilamba."

Watu walianguka kwa kicheko, na mvuvi mwenyewe alicheka kuliko wote. Kabla pete haijagonga mara kumi, mama mmoja aliyekuwa akipakua pilau alifuta mikono kwenye leso yake, akafungua fundo la pindoni, akatoa sarafu ya shilingi ishirini. Hata hakuja mbele. Alimpa mtoto aipeleke.

"Mimi ni mtungi," alisema kutoka kwenye sufuria zake. "Mvua nimeikinga, umande nimeukinga. Sasa nafunika."

Jathum alicharaza nyuzi zote kwa pamoja, na hakuna aliyethubutu kuzisimamisha tena mpaka wimbo ukaisha.

Jibu lile la umande nimeliwaza kwa miaka mingi, kama fundi seremala anavyoweza kusimama mbele ya kabati la mwenzake na kuvitazama viungo vyake akitafuta msumari asiuone. Mzee hakukanusha kwamba mwenzake ni mvua. Angekanusha, wangekuwa na ugomvi wa ndiyo na siyo, na katika ugomvi wa aina hiyo mwenye sauti ndogo hushindwa. Alimwachia uvua wake wote, akamuuliza tu, bila kuuliza, unanyesha wapi. Mvuvi mwenyewe ndiye aliyesema ziwani. Jibu lilikuwa limelala ndani ya jigambo lake tangu mwanzo, mzee aliliokota. Kisha akachagua maji madogo zaidi. Mtu wa kawaida akijibu mvua angejiita gharika. Yeye alijiita umande, kitu kisichosikika hata kikianguka, halafu akawaingiza ng'ombe wa yule bwana, mali yake, fahari yake, wakiwa wameinamisha shingo. Hakuna tusi hata moja hapo. Hakuna jina lililotajwa kwa ubaya. Ukimwita mzee yule mbele ya chifu kwa kumvunjia mtu heshima, huna neno la kumshtakia.

Na yule mama wa mtungi? Nitarudi kwake.

Sanaa hii Waluo huiita pakruok. Pako ni kusifu; pakruok ni kujisifu, au kusifiana, kwa maana humo ndani mtu hujisifia pia rafiki, shangazi, kijiji na hata baiskeli. Mwalimu wa fasihi simulizi akiulizwa pakruok ni nini kwa Kiswahili, atajibu haraka kuwa ni majigambo, ataiweka kapu moja na vivugo vya Wahaya wa Kagera, na somo litaendelea. Mimi mwenyewe nimeifundisha hivyo kwa miaka kadhaa, na nasikitika. Kujigamba katika Kiswahili kuna harufu mbaya. Anayejigamba ni mtu anayehitaji kurekebishwa. Dholuo, lugha ya Waluo, ina neno lake la jambo hilo, sungruok, na mwenye tabia hiyo ni jasunga, na hakuna anayependa kuitwa hivyo. Waluo wenyewe basi wamezitenganisha hizi mbili, sisi tukazibandika pamoja kwa gundi ya mtihani.

Tofauti iko kwenye ile sarafu. Jasunga hujisifu bure, popote, na hataki kujibiwa. Mtu wa pakruok hulipa ili asikilizwe, na kwa malipo yaleyale anakuwa amempa kila aliyepo haki ya kulipa na kumjibu. Nimewahi kuona mtu akisema maneno mazito ya kujisifu na hakuna aliyeinuka. Nyuzi zilirudi zenyewe. Alirudi kukaa kama aliyefiwa.

Malighafi ya kazi hii iko kila mahali, na ndiyo maana hata mtoto huianza mapema. Majina ya maeneo mengi ya Homa Bay na Migori huanza na Ka, silabi inayosema kwamba hapo ni kwa fulani: Kanyamwa, Kanyada, Kasipul, Kadem, Kamagambo, Kanyamkago. Ukitaja unakotoka umeshamtaja babu. Mwanamke anapoolewa haachi jina la kwao. Kinyume chake, huko aendako ndiko hulipata. Aliyetoka Kadem akaolewa Rusinga ataitwa nyar Kadem, binti Kadem, mpaka siku ya kuzikwa. Kwa hiyo kijiji kimoja kidogo kimejaa ramani nzima ya pwani ya ziwa, imevaa leso na kubeba ndoo. Mtu anaposema "mimi ni mwana wa binti Kanyamwa", hajasema tu jina la mama. Amewaita wajomba zake wote wasimame nyuma yake, na pia amewapa wapinzani anwani ya kurushia jibu.

Nilianza kuyatazama haya kwa makini kwa sababu ya Kiingereza, jambo ambalo linanichekesha hadi leo. Katika shule moja ya upili karibu na Rongo nilikaa chumba cha walimu meza moja na mwalimu wa Kiingereza, mwanamume mtulivu aliyependa maneno kama wengine wanavyopenda njiwa. Siku moja mwanafunzi alimletea swali: retort, riposte, rejoinder, repartee, yote kamusi inasema ni jibu kali au jibu la haraka, sasa aandike lipi? Mwalimu angeweza kumwambia achague lolote. Badala yake alitumia kipindi chake cha mapumziko chote, chai ikapoa, akimfungulia moja baada ya jingine kama mtu anayefungua mizigo.

Retort, alisema, limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kupinda na kusokota kitu kirudi nyuma. Ndiyo maana maabara za zamani zilikuwa na chupa ya jina hilohilo, yenye shingo iliyopinda. Ukitoa jibu la namna hiyo umechukua neno la mwenzako, umelikunja, umemrudishia usoni. Riposte ni neno la wachezaji wa upanga. Lilipitia Ufaransa likitokea Italia, ambako lilikuwa na maana ya jibu tu. Upanga wa mwenzako unakuja, unauzuia, na katika mkono uleule uliozuia unapiga. Usipozuia kwanza, hilo siyo lenyewe. Rejoinder ni la mahakamani: katika mashauri ya kizamani ya Uingereza mdai alisema, mshtakiwa akajibu, mdai akalijibu jibu, na mshtakiwa akalijibu jibu la jibu, hilo la nne ndilo liliitwa hivyo. Lina makaratasi ndani yake, lina subira, halina jasho. Na repartee, la Kifaransa hilo, ndani yake mna kuondoka tena, kama wasafiri wawili wanaopishana kuongoza njia. Huwezi kuwa nayo peke yako.

Mwanafunzi aliandika. Mimi nilikuwa nimeacha kusahihisha madaftari, namfikiria mzee wa umande. Alizuia kisha akapiga, mkono uleule. Mzee ambaye pengine hajawahi kushika upanga wa mchezo alikuwa amefanya kile ambacho Wafaransa walihitaji shule ya silaha kukipatia jina.

Dholuo hulimaliza suala hili kwa neno moja: duoko. Ni kujibu, na ni kurudisha. Ukimrudishia mtu jembe lake umeduoko, ukimjibu swali umeduoko. Naona kuna hekima ya jirani hapo: ulichosemewa ni cha mwenyewe, umekiazima, kirudishe. Kirudishe kikiwa kimenolewa kama una uwezo. Kiswahili chetu kilichukua jibu na jawabu kutoka Kiarabu, lakini kwa majibu yenye makali kina ghala la kwake, na ni ghala tunalolitumia ovyo. Wengi huandika kejeli, kebehi, kijembe, mpasho na tashtiti kana kwamba ni nguo za saizi moja. Kijembe ni kisu kidogo, na sifa yake ni kwamba hurushwa bila kutajwa jina; ukilalamika, aliyekirusha atakuuliza nani kakusema wewe. Mpasho una uso, unaelekezwa kwako na unajua. Masimango ni jambo jingine kabisa: ni fadhila iliyogeuzwa maneno, mtu anakukumbusha ugali wake uliokula. Sioni ubingwa katika masimango. Yanahitaji tu mtu uliyewahi kumlisha.

Pakruok haimo katika ghala hilo, ila ina ndugu zake pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alijibizana kwa mashairi na watu wa Lamu wakati miji hiyo ikivutana. Jibu lilihitaji chombo na upepo ndipo lifike. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilikuwa na waimbaji wa taarabu Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa Muungano, wimbo ukitoka huku mashabiki wanahesabu siku wakisubiri wa kule. Lakini huko kote jibu hupewa muda wa kuiva. Kadem mama wa mtungi alikuwa na muda wa pete kugonga mara nane au tisa.

Kama ni kupinda neno na kulirudisha, sijui mfano mzuri kuliko ule wa kijana wa Rusinga aliyekuwa mkaguzi wa afya Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Jina lake Tom Mboya. Alikuwa peke yake kazini, Mwafrika kwenye ofisi ya kupimia maziwa, mwanamke Mzungu akaingia na chupa yake, akatupa macho huku na huko, akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Mboya alimuuliza kama macho yake yana hitilafu. Kisa hicho amekisimulia mwenyewe katika kitabu chake Freedom and After, cha 1963.

Kitazame polepole. Mama yule hakumtukana. Katika akili yake alikuwa ameuliza swali la kawaida, na hapo ndipo ubaya wote ulipokuwa. Angejibiwa kwamba nipo, mimi ni mtu, Mboya angekuwa anaomba cheti cha utu kutoka kwake. Alilichukua lile swali kama lilivyo, kama swali la afya, yeye akiwa mkaguzi wa afya. Haoni mtu, basi tuanze na macho. Ni jibu la kikazi kabisa! Ndani yake mna adabu yote ya ofisi, na ndani yake mama yule ameambiwa kuwa kasoro iko kwake. Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, hajafikisha miaka 39, na kaburi lake liko Rusinga, ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Watu huenda pale kumkumbuka kwa vyama vya wafanyakazi na kwa ndege za wanafunzi waliokwenda Marekani. Mimi kila nikipita Mbita naikumbuka ile chupa ya maziwa.

Lakini mabingwa wa kila siku hawana makaburi ya kutembelewa. Nenda Sori, ufuo wa Karungu, asubuhi omena, dagaa wa ziwani, ikiwa imetandazwa kwenye nyavu ikikauka, na wanawake wamekaa na gorogoro zao. Hapo ndipo nilipomsikia mnunuzi mmoja, kijana wa mjini kwa viatu vyake, akichota omena kiganjani na kusema kwa sauti ya kutaka kupunguziwa bei: "Mama, mbona omena yako ina mchanga?"

"Huo sikuuzii, baba," alijibiwa. "Huo nakuongeza."

Kila anayekwenda sokoni Kenya anajua nyongeza ni nini. Ni ile konzi ya mwisho juu ya kipimo, na mnunuzi huidai kama haki. Kwa neno moja, mama alikubali kuwa mchanga upo, akaugeuza kuwa ukarimu, na akafunga mlango wa nyongeza ambayo kijana alikuwa karibu kuiomba. Kijana alilipa. Nilimwona akicheka peke yake akielekea kwenye matatu.

Jirani yake alikuwa na mtindo mwingine, mkali zaidi kwa maoni yangu. Mteja alipolidharau fungu lake, alisema tu: "Alot michayo..." na akaendelea kupima. Ngero hiyo, methali ya Kiluo, kila mtoto wa huko anaijua: Alot michayo ema tieko kuon, mboga unayoidharau ndiyo itakayomaliza ugali. Hakuimaliza. Nusu ya pili ilimalizikia kichwani mwa mteja mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, na mtu hawezi kubishana na sauti yake. Kuacha nusu ni ufundi ambao sisi waandishi hujifunza tukiwa tumechelewa.

Ukiendelea kusini mpaka Isebania, mpakani, Kiswahili chenyewe hubadilika katikati ya barabara. Upande wa Kenya mtu atakwambia "nipe chai". Ukivuka Sirari, upande wa Tanzania, ni "naomba chai", na ukisahau hutakemewa. Utajibiwa kwa upole mno. Nilipodai soda kwa Kiswahili changu cha Migori, dada wa duka alitabasamu akaniuliza, "Shikamoo hukuibeba, kaka, au imezuiliwa forodhani?" Sikuwa mkubwa wala mdogo wake kwa kukadiria, shikamoo haikuwa lazima, alichokuwa ananiambia ni kwamba kuna kitu nimekiacha ng'ambo. Nilirudi mlangoni nikaanza upya na salamu. Soda ilikuwa baridi.

Watoto nao wana karakana yao. Mchongoano, mchezo wa maneno uliokulia mitaa ya Nairobi na sasa uko katika kila shule ya Kenya, umejiita jina la ufundi: kuchongoa ni kukipa kitu ncha, na kuchongoana ni kupeana ncha. Nimesimama nyuma ya madarasa nikisikiliza wavulana wa kidato cha pili wakifanyiana kazi hiyo juu ya umaskini wa nyumba zao, na wengi wanasema maneno waliyoyakariri. Hapo ndipo mchongoano unapozidiwa na pakruok. Aliyekariri hamjibu mwenzake. Anatoa lake, mwenzake anatoa lake, kama wauza matunda wawili wanaonadi kando kwa kando. Mara moja tu nilimsikia mdogo wa kundi akichukua neno la aliyemtangulia, neno lenyewe, na kuligeuza. Wote walinyamaza sekunde moja kabla ya kupiga kelele. Ile sekunde ndiyo alama ya kazi.

Ufundi huu una mipaka, na wanaoujua vizuri ndio wanaoichunga. Mkwe hajibiwi. Mbele ya mama mkwe, mwanamume wa Kiluo aliyelelewa vizuri hupunguza sauti, hupunguza hatua, na ulimi hauna kazi. Siku ile ya Kadem upande wa bibi arusi ulikuwa na watu ambao nilijua ni mahiri. Walikaa wamefunga midomo, tabasamu zao zikiwatoka pembeni. Na kuna wale ambao ruhusa yao haina mwisho, bibi na mjukuu. Bibi, dani, humwita mjukuu wa kiume mume wake, na mjukuu anapewa haki ya kujibu kama mume. Sehemu kubwa ya majibu mazuri niliyowahi kuyasikia yamefunzwa jikoni, kati ya mwanamke wa miaka sabini na mvulana wa miaka sita.

Kuna pia jibu la mkubwa asiyejibika. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, hatua chache kutoka mpaka wa Migori, aliimba muziki wa benga kwa zaidi ya miaka thelathini mpaka alipofariki kwa ajali Kisumu mwaka 2006. Gitaa lake lilikuwa nyatiti iliyotiwa umeme, na nyimbo zake zikawa mafumbo ya wanyama na visa vya kale ambavyo kila msikilizaji alijua vinasema nani. Serikali ilijua pia, na haikufurahi. Lakini mwenye kukasirika kwa hadithi ya wanyama inabidi kwanza akiri yeye ni mnyama gani.

Leo pakruok imo redioni. Ramogi FM na wenzake hupokea simu za watu wanaojisifu wao, mashemeji zao na vijiji vyao, na katika vilabu vya Nairobi pesa humfikia mwanamuziki kwa M-Pesa kabla mlipaji hajainuka kitini. Sina ugomvi na simu. Jathum anahitaji karo kama mtu mwingine. Ila noti zimekua na maneno yamesinyaa. Anayetuma elfu mbili anataka jina lake litajwe mara tano, basi, na kutajwa siyo kusema. Anayepiga simu kutoka Oyugis hamwoni aliyepo Awendo akikunja uso, wala hasikii pete ikigonga. Jibu linakuja baada ya tangazo la mbolea. Nimesikia mazuri humo, siwezi kukataa, hasa kwa akina mama wa Ndhiwa, lakini nimesubiri sana kati ya moja na jingine.

Nilisema nitarudi kwa mama wa mtungi. Nilimpelekea yule mwalimu mwenzangu wa Kiingereza kisa kile nikamuuliza jibu la mama liitwe nini. Si retort, maana hakupinda neno la mtu. Hakuzuia, hakupiga. Hakushindana na mvua wala umande kwa ukubwa au udogo. Aliwameza wote wawili, akageuza ubishi wao kuwa maji ya kupikia, na akafunika. Mwalimu alikaa kimya, akakuna kidevu, akafungua kamusi yake kubwa, akaifunga. Alisema Kiingereza hakina. Nikamwambia Kiswahili nacho hakina. Tulikwenda kwa mhudumu wa jikoni wa shule, mama wa makamo kutoka Kochia, tukamsimulia. Alitusikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi. "Huyo ni mtu mwenye kazi nyingi," alisema, akarudi kwenye sufuria.

Mwisho nilimweleza dani yangu, Kamagambo, kwamba naandika juu ya majibu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wake na daftari langu, najisikia msomi. Aliniuliza nimekusanya maneno mangapi ya kujibu. Nikamhesabia: ya Kiswahili, ya Dholuo, ya Kiingereza, nikamweleza ya upanga na ya mahakama. Alitikisa kichwa kwa heshima kubwa.

"Mume wangu umesoma," alisema. "Basi chukua moja kati ya hayo unijibu lile swali nililokuuliza Krismasi. Mke mwenzangu unamleta lini?"

Huo ni mwaka wa saba sasa. Dani hajarudia swali, na mimi sijalijibu.